Mwanamke wa Kitabu cha Saba

Alhamisi ile nilitoka kazini mapema, nikachukua bahasha iliyokuwa imelala kwenye droo yangu kwa miezi minane, nikaenda nyumbani kwa Mwandishi. Njiani niligeuza mara mbili. Mara ya kwanza nilijidai nimesahau mwavuli, na jua la saa tisa lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu. Mara ya pili sikujidai chochote. Nilisimama tu kwenye kona, nikijiuliza mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye akili zake anamfuataje mwanaume mpaka mlangoni kumrudishia karatasi ambazo hata hajaziulizia.

Lakini Jumamosi nilikuwa nasafiri, na sikutaka kuondoka nazo.

Mimi ndiye niliyekuwa nampigia chapa vitabu vyake. Nilifanya kazi kwenye duka la kopi na uchapaji, lile ambalo watu huleta barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mitihani ya shule na kadi za harusi, na wote waliniita Dada Chapa. Yeye hakuwahi kuipenda kompyuta. Aliandika kwa mkono kwenye karatasi za mistari, akaleta sura mbili mbili, akavuta kiti pembeni yangu ili anisomee maneno yaliyonishinda. Vitabu sita vya mapenzi, vile ambavyo wauguzi husoma zamu ikipoa na wasusi hupokezana mpaka jalada linatoka. Nilimjua kwa mwandiko kuliko kwa sura. Akiwa na haraka, herufi zake zililala upande mmoja kama watu wanaokimbizwa. Akiwa na huzuni, alikandamiza kalamu mpaka nyuma ya karatasi pakawa na vinundu.

Baina yetu hapakuwa na neno lililosemwa. Siku moja aliniondolea uzi begani, na mkono wake ukachelewa kuondoka. Hilo tu. Kwa watu wa umri wetu, hilo ni sura nzima.

Vitabu viwili vya kwanza aliviandika mkewe akiwa hai. Vinne vilivyofuata aliviandika baada ya kumzika, kimoja kila mwaka, na katika vyote vinne mwanamke aliyependwa alikuwa yule yule kwa majina tofauti: anacheka huku amefunika mdomo, hapendi kuvaa viatu, anaongea na sufuria kama wageni wake. Sikuwahi kumwona marehemu. Nilimfahamu kwa kumpiga chapa.

Kisha kikaja kitabu cha saba. Sura ya tatu, ukurasa wa arobaini na moja, akaingia mwanamke mwingine. Huyu alichomeka kalamu kwenye nywele akaisahau, akaitafuta meza nzima. Akikutana na neno lisilosomeka, aliguna kama anayetaka kuimba, kisha akasema peke yake, "Haya, bwana mkubwa, hapa ulimaanisha nini?" Nilipofika hapo vidole vyangu vilisimama. Nikapeleka mkono kichwani taratibu. Kalamu ilikuwepo.

Nilichapa ukurasa ule bila kubadilisha hata nukta, nikautia kwenye bahasha pamoja na wenzake, nikamsubiri aje. Hakuja wiki ile, wala mwezi ule. Watu wa kampuni inayotoa vitabu vyake walinipigia simu mimi, kana kwamba nimemficha chini ya meza. Nikawaambia sijui, na kweli sikujua. Miezi ikaenda. Mwenye duka akazeeka vya kutosha, akatangaza kwamba mwisho wa wiki anafunga. Kaka yangu mkubwa, anayeishi mji wa mbali, akanitafutia kazi ya kutunza mafaili kwenye zahanati. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka kukaa nikiangalia mlango.

Aliyenifungulia ni mama mkwe wake. Mkewe alikuwa mtoto wa pekee, na baada ya maziko Mwandishi hakumwacha mama wa watu arudi kwenye nyumba tupu. Tangu hapo walikuwa wakiishi wawili, mkwe na mama mkwe, kila mmoja akimwangalia mwenzake asianguke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chapa."

"Ndiye mimi."

"Sauti nilikuwa naijua ya kwenye simu. Karibu ukae. Yuko chumbani anaandika."

Alisema "anaandika" kama watu wanavyosema mgonjwa amelala, na wote mnajua hajalala.

Sebule ilikuwa safi ya kusikitisha. Kwenye rafu moja vilipangwa vile vitabu sita, viwili vimefungwa uti wa mgongo kwa selotepu. Mama aliniona navitazama.

"Cha nne nimekisoma mara tisa," akasema. "Ndimo alimo zaidi."

"Nani, mama?"

"Mwanangu." Akanitazama kama niliyeuliza jua linatoka wapi, kisha akaelekea jikoni kutenga chai.

Mwandishi alitoka dakika chache baadaye, shati limefungwa kifungo kimoja juu kimoja chini. Aliponiona alisimama pale pale kwenye pazia. Tukatazamana. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya salamu, yakaniponyoka yote.

"Umekonda," nikasema.

"Wewe hujakonda."

"Asante."

"Nilitaka kusema jambo zuri, limetoka vibaya." Akakaa kiti cha mbali. "Siku hizi yote yanatoka vibaya."

"Bado huandiki?"

"Naandika. Nachana." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nimejaribu kila kitu, Dada Chapa. Nimehamishia meza dirishani, nikawa naangalia watu. Nimeirudisha ukutani, nikawa naangalia ukuta. Nimeamka alfajiri. Nimeacha chai, nimerudia chai. Nimenunua kalamu mpya, nikaona kalamu inanidharau. Juzi nimetengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa linavuja."

"Na sasa?"

"Sasa linavuja."

Nikacheka. Na yeye nusura acheke, lakini kicheko kilifika machoni kikachoka, kikarudi. Nilimwona alivyozeeka. Nikatamani kuinuka nimfunge shati vizuri. Badala yake nikaweka bahasha mezani.

"Nimekuletea kurasa zako. Zote arobaini na moja. Duka linafungwa, na mimi Jumamosi naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Kwa kaka. Kanipatia kazi. Na kuna rafiki yake, kafiwa na mke kama wewe, ana nyumba yake na watoto wakubwa. Kaka anasema ni mtu mtulivu."

"Mtulivu," akarudia.

"Ndivyo alivyosema."

Aliivuta bahasha kwake, hakuifungua. Vikombe viligongana jikoni.

"Safari njema, basi," akasema.

Sijui ni neno lile au ni ile miezi minane. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Uliacha kuandika kwa sababu ya ukurasa wa arobaini na moja."

Akanyanyua macho. "Uliuona?"

"Niliupiga chapa mimi. Ulidhani nachapa nikiwa nimefumba macho?"

"Nilidhani utakasirika."

"Nilikaa na ukurasa ule kwenye droo miezi minane. Mchana nilikuwa naufungua, nausoma, naufunga. Mtu aliyekasirika hufanya hivyo?"

Alianza kuzungusha bahasha mezani, kona moja moja.

"Mama anasoma kila ninachoandika," akasema kwa sauti ya chini. "Kila kitabu kikitoka huniuliza, 'Yumo?' Namwambia, 'Yumo, mama.' Anakwenda nacho chumbani. Hana mtoto mwingine, hana kitu kingine. Sasa nimpe hiki? Nimwambie safari hii hayumo, yumo mwingine? Kila nikishika kalamu naona uso wake."

"Kwa hiyo mimi nisiwepo ili marehemu awepo."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Wewe husemi kitu. Unaandika, ukiona umeandika ukweli unachana, kisha unakaa ndani miezi minane na kumwachia mtu kazi ya kuangalia mlango." Nikaizuia bahasha isizunguke. "Sikuombi uniandike. Kuandikwa kumenifaa nini? Mimi nilikuwa pale, nimekaa kiti cha pembeni, miaka yote hii. Ungenyoosha mkono ungenigusa."

"Naogopa," akasema.

"Na mimi nimechoka. Sasa tutafanyaje, mwoga na mchovu?"

Nikasimama. Na yeye akasimama. Hapo ndipo mama alipoingia na sinia ya chai, na chini ya kwapa amebana mfuko wa nailoni. Akaweka sinia mezani, akatutazama kila mmoja kwa zamu.

"Kaeni. Kuta za nyumba hii nyembamba."

Tukakaa kama wanafunzi. Akafungua mfuko, akatoa rundo la karatasi za mistari. Zote zilikuwa zimechanwa vipande na kuunganishwa tena kwa selotepu, kwa uangalifu, mstari kwa mstari. Mwandishi alizitambua kabla yangu. Uso wake ulishuka.

"Mama, hizo..."

"Nilikuwa naziokota asubuhi nikimwaga taka. Ngoja nimalize. Wewe umeongea na kikapu miezi minane, na mimi nipe dakika tano." Akavaa miwani. "Mara kumi na moja umeanza na mvua. Mwaka mzima huu hatujapata mvua ya maana, hiyo yote umeitoa wapi? Acha mvua." Akaweka karatasi kadhaa pembeni. "Na kila mara unaishia pale pale. Huyu mwanamke anaingia, anavuta kiti, anafungua mdomo ili aseme, unachana. Hii, hivyo hivyo. Hii nayo. Hata siku moja hujamwacha aseme."

Mwandishi aliinamisha kichwa.

"Huyu si mwanangu," mama akasema.

"Siye, mama," akajibu.

"Nilijua tangu karatasi ya kwanza. Mwanangu angekuwa ameshaanza kusema kabla hajakaa." Tabasamu dogo lilimpitia, likaondoka. "Ulidhani ukiandika mwingine utakuwa umeniondolea mwanangu?"

"Ndiyo. Nilidhani itakuwa kama kumtoa nyumbani."

Mama akavua miwani. Alikaa nayo mapajani muda mrefu, akiifuta kwa pindo la kanga ingawa haikuwa na doa.

"Nilimzika mara moja," akasema. "Ile ilinitosha. Kisha wewe ukaanza kumfufua. Nakaa kitandani namsoma, namsikia akicheka, najisahau kabisa, mpaka nasema ngoja nimwite tule. Halafu kurasa zinaisha. Nafunga kitabu na nabaki mimi na godoro. Vitabu vinne, mkwe wangu. Kimoja nimekirudia mara tisa. Nahesabu maziko mangapi hayo? Nimechoka kumzika."

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza. Uliandika tu. Na mimi sikusema, kwa sababu nilidhani wewe ndiye unayemhitaji humo ndani. Tumekaa nyumba moja, kila mtu akimbebea mwenzake mzigo ambao hakutumwa kuubeba."

Mwandishi alinyoosha mkono, akaushika wa mama. Alilia bila sauti, mabega tu. Nilitazama vikombe. Kuna vilio ambavyo mgeni hapaswi kuvitazama, na mimi siku ile bado nilikuwa mgeni.

Mama ndiye aliyeniita.

"Na wewe. Nakwambia jambo usije ukasema nakufanyia unafiki. Sijakupenda. Sikuchukii, ila sijakupenda. Nakuona umekaa hapo, nasema, hapo palikuwa pa mwanangu. Labda itapita. Labda haitapita. Usinisukume."

"Sitakusukuma, mama."

"Vizuri. Kunyweni chai, imeshaanza kupoa." Akachukua rundo lake la karatasi, akaliweka mbele ya Mwandishi, akarudi jikoni. Mlango hakuufunga.

Tulibaki wawili. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaisogeza chai, hakuinywa. Feni ilizunguka juu yetu kwa uvivu.

"Mama ana haki," akasema. "Nachana pale kwa sababu sijui anasema nini akifungua mdomo. Wale wengine nilikuwa nawasikia tu. Huyu simsikii." Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niingie. "Wewe ungesema nini?"

Ningeweza kumpa sentensi nzuri. Nimechapa sentensi nzuri elfu moja na moja, nazijua zinavyokwenda. Lakini sikuwa na nguvu nazo.

"Mimi si wa kitabuni," nikamwambia. "Nitasema langu, na yule atasema lake. Langu ni hili. Jumamosi saa mbili asubuhi basi linaondoka. Ukitaka niende, niambie nenda. Ukitaka nibaki, niambie baki. Usiniandikie. Niambie kwa mdomo, na uniangalie."

Midomo yake ilianza neno, ikaliacha. Nilimwona akitafuta namna ya kulizungusha, namna ya kulipamba, kama alivyozoea. Nilimwona pia akichoka kutafuta.

"Baki," akasema.

Nilingoja.

"Baki, nakuomba. Sina sentensi nyingine."

"Hiyo inanitosha."

Hakuinuka kunikumbatia. Alivuta tu kiti chake kutoka kule mbali, akakileta karibu na changu, na magoti yetu yakagusana chini ya meza, tukakaa hivyo mpaka chai ikawa maji. Kisha akaomba kalamu. Nikampa.

Nilitoka uani ili asijisikie anatazamwa. Nguo zilikuwa zimekauka kwenye kamba. Nikampigia kaka.

"Jumamosi siji," nikasema.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nabaki huku."

Nilisikia televisheni nyuma ya kaka. "Ni yule wa vitabu."

"Ndiye."

"Yule anayeishi na mama mkwe."

"Ndiye huyo huyo, kaka."

"Kakuoa?"

"Hatujafika huko."

"Ametaka kukuoa?"

"Kasema nibaki."

"Kasema ubaki." Kaka akashusha pumzi ndefu. "Mdogo wangu, nimezunguka ofisi ngapi kwa ajili ya kazi ile? Nimemwambia nini yule rafiki yangu? Duka linafungwa, utabaki hapo unafanya nini? Utaingia nyumba ya watu, mama wa marehemu yumo, vyombo vya marehemu vimo. Hayo ndiyo maisha unayoyataka?"

"Sijui nitafanya nini. Kuchapa najua, nitatafuta pa kuchapia. Kazi mpe mtoto wa shangazi, anaihitaji kuliko mimi. Na rafiki yako mwombe radhi kwa niaba yangu."

"Utajuta."

"Inawezekana. Lakini kule ningekuja kujuta pia, kaka, na ningekuwa mbali."

Hakukata simu kwa hasira, wala hakunibariki. Alisema tu, "Nitamwambiaje mama yetu," kisha akasema chaji ya simu yake inaisha, na wote wawili tulijua ilikuwepo. Nikaegemea ukuta wenye joto. Sikujisikia furaha ile ya vitabuni. Nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo kichwani na shingo bado haijaamini.

Niliporudi sebuleni alikuwa ameinama juu ya karatasi, ulimi umejitokeza kidogo pembeni ya mdomo. Mkono ulikuwa unakwenda, unasimama, unafuta, unakwenda. Sikuketi. Sikusogea. Jua lilihama kutoka kwenye meza likafika kwenye zulia, na alikuwa bado anakwenda. Mwishowe akaweka kalamu chini, akanisukumia ukurasa mmoja na nusu.

"Ni mbaya," akasema. "Usiseme chochote."

Nilisoma nimesimama. Ulikuwa mbaya kweli, kwa sehemu. "Akamtazama" imekuja mara tano katika mistari kumi. Lakini yule mwanamke aliingia, akavuta kiti, akafungua mdomo, na akasema. Na alichosema sicho nilichosema mimi. Alisema amekuja kuaga, ameshakata tiketi, na hataki kusindikizwa.

"Anaondoka?" nikauliza.

"Anaondoka."

"Lakini mimi nimebaki."

"Ndiyo maana yeye anaweza kuondoka. Huyu sasa si wewe, na wala si marehemu. Ni mwenyewe."

"Atarudi?"

"Sijui." Akatafakari, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikukiona tangu alipoacha kuja dukani, njaa ya mtu anayetaka kujua. "Sijui kabisa. Nitajua kesho."

Kutoka jikoni sauti ya mama ikatufikia, tulivu, kama anayeuliza saa.

"Amesema?"

Tukatazamana.

"Amesema, mama," Mwandishi akajibu.

Maji yakamiminwa. Sufuria ikawekwa chini. Nilidhani mazungumzo yameishia hapo.

"Macho yangu yamechoka na zile karatasi za selotepu," mama akasema. "Aje mmoja wenu anisomee."

Mwandishi akanyoosha mkono kuchukua ukurasa. Kisha akausimamisha mkono, akaurudisha mezani, akaniachia.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa kwenye benchi fupi karibu na dirisha, miguu ameinyoosha. Hakunikaribisha kwa neno. Alisogea tu upande mmoja, kidogo, kiasi cha mtu mmoja kukaa. Nikakaa. Nikasafisha koo, nikaanza kumsomea.